Plastiki laini katika kivungulio: Mjue mgeni huyu kabla hajafika mezani

Msomaji, ikiwa umewahi kuondoka Eldoret alfajiri kuelekea Kaptagat, unaijua baridi ya huko. Ukungu umetanda juu ya msitu, wanariadha wanapita wawili wawili kando ya barabara wakitoa mvuke mdomoni, na nyasi zimelowa umande hadi saa tatu. Mahali hapo pako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Viazi, mahindi na ng'ombe wa maziwa wanapapenda. Nyanya hazipapendi hata kidogo. Usiku zinapigwa na baridi, mchana mvua inazimwagia ukungu wa majani, na mkulima anabaki akihesabu hasara.

Ndiyo maana vivungulio, zile nyumba za karatasi ya plastiki ambazo wengi wetu huziita tu grinihausi, vimekubalika sana katika maeneo ya juu kama haya. Ndani yake joto huhifadhiwa, mvua haigusi majani, na nyanya au pilipili hoho huzaa kwa miezi mingi. Mkulima mwenye eneo dogo nyuma ya nyumba anaweza kulipa karo kwa kivungulio kimoja kikimwendea vizuri.

Lakini hebu ingia ndani ya kivungulio hicho saa saba mchana, jua likiwa kali, milango ikiwa imefungwa. Paa ni plastiki. Kuta ni plastiki. Maji yanakuja kwa mipira ya plastiki kutoka kwa tangi la plastiki. Matuta yametandazwa plastiki nyeusi kuzuia magugu, miche ilianzia katika vifuko vya plastiki, na mavuno yatatoka kwa kreti za plastiki. Joto linapita nyuzi 30. Je, katika joto hilo, ni kitu gani kinachotoka kwa plastiki hizo kwenda kwa mmea, kwa udongo na kwako wewe unayepumua humo?

Swali hilo ndilo tunalolijadili leo. Lina majibu, na si yote ya kutisha. Ila kuna mambo ambayo mkulima na mnunuzi wa mboga wanafaa kuyafahamu, hasa ikiwa katika boma kuna mama mjamzito au mtoto mchanga.

Plastiki ngumu hulainishwa vipi?

Chukua bomba gumu la PVC, lile la kijivu ambalo fundi hutumia kupitishia maji. Ukijaribu kulikunja litavunjika. Sasa chukua mpira wa maji ule laini unaojikunja kama nyoka. Nao pia mara nyingi ni PVC. Tofauti ni kwamba kiwandani ulitiwa kemikali ya mafuta mafuta inayoitwa kilainishi. Jamii ya vilainishi iliyotumika zaidi duniani kwa miaka mingi ni thaleti, na maarufu miongoni mwake ni ile inayojulikana kwa herufi DEHP. Nyingine ni DBP. Katika plastiki laini ya PVC, vilainishi vinaweza kuwa theluthi moja ya uzito wote, na wakati mwingine hata zaidi. Kwa hivyo ukibeba mpira wa kilo tatu, huenda kilo moja ni kilainishi.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kilainishi hakishikamani na plastiki kwa kifungo cha kemikali. Kimekaa katikati yake tu, kama vile mafuta yanavyokaa katika ngozi uliyoipaka ili isikauke. Ngozi ikianikwa juani mafuta hutoka, nayo hukakamaa. Plastiki ni vivyo hivyo.

Mimi mwenyewe nilinunua mpira wa rangi ya kijani mjini Eldoret kwa bei iliyonifurahisha. Miaka miwili baadaye ulikuwa umekakamaa na kupasuka kama ganda la mti mkavu, nami nikamlaumu aliyeniuzia. Ilinichukua muda kujiuliza swali lililofaa: ule ulaini ulienda wapi? Sehemu yake ilienda hewani. Sehemu nyingine ilienda kwa maji niliyokuwa nikimwagilia mboga na, naona haya kusema, niliyokuwa nikinywa siku za joto.

Mambo matatu huharakisha safari hiyo: joto, muda na mafuta. Plastiki iliyoachwa juani hutoa zaidi kuliko iliyo kivulini. Maji yaliyolala ndani ya mpira usiku kucha na asubuhi nzima huchukua zaidi kuliko yanayopita mbio. Na kwa kuwa thaleti hupenda mafuta kuliko maji, chakula chenye mafuta kama maziwa, siagi au samli huzivuta kwa wingi kuliko maji matupu.

Na usiitegemee pua yako. Ile harufu kali ya plastiki mpya hutokana na kemikali mbalimbali, lakini thaleti zenyewe karibu hazina harufu. Mpira usionuka chochote unaweza kuwa umejaa, na wenye harufu ukawa hauna.

Miche iliyogeuka kuwa myeupe

Usidhani hii ni hofu ya maabara peke yake. Miaka ya 1970 na 1980 wakulima wa Ulaya wenye nyumba za vioo na plastiki walikumbwa na tatizo lililowachanganya. Miche ya kabeji na mimea ya jamii yake iliota vizuri, kisha majani machanga yakaanza kugeuka manjano, halafu meupe kama karatasi. Miche mingine ilikufa. Wakashuku mbolea, wakashuku maji, wakashuku magonjwa. Watafiti nchini Uingereza walipofuatilia jambo hilo, waligundua kwamba mhalifu ni mvuke wa DBP uliokuwa ukitoka katika baadhi ya plastiki laini zilizotumika humo ndani, ikiwemo mikanda ya kuzibia vioo. Matokeo yao kuhusu miche ya kabeji yalichapishwa mwaka 1984.

Mvuke huo huzuia mmea kutengeneza karotini, ile rangi ya manjano ambayo, mbali na kazi nyinginezo, hulinda ukijani wa jani usiunguzwe na mwanga. Jani linalochipuka bila ulinzi huo hupauka. Majani yaliyokomaa kabla ya plastiki kuwekwa hubaki ya kijani, na hiyo ni dalili nzuri ya kukusaidia kutambua.

Kwa nini nikueleze habari za kabeji za Uingereza? Kwa sababu sukuma wiki ni ndugu wa damu wa kabeji, na watu wengi wa nyanda za juu huanzishia miche yao ya sukuma wiki na kabeji ndani ya kivungulio, kwenye kona yenye joto, karibu na mpira wa maji uliokunjwa. Kaptagat ina jambo jingine la kuzingatia. Kwa kuhofia baridi, mtu hufunga pazia za kivungulio mapema jioni na kuchelewa kuzifungua asubuhi. Mvuke wowote unaotoka kwa plastiki hukusanyika humo bila pa kutokea.

Hata hivyo usikimbilie kulaumu plastiki kila unapoona jani jeupe. Upungufu wa chuma katika udongo nao hupausha majani machanga, na dawa za magugu zilizopeperushwa na upepo zinaweza kufanya vivyo hivyo. Kuna jaribio rahisi la kufanya mwenyewe. Tafuta chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana. Weka ndani ya kila moja mche mdogo wa kabeji kwenye udongo wenye unyevu. Katika chupa ya kwanza tumbukiza kipande cha plastiki unayoishuku, kisiguse mche. Ya pili usiweke kitu. Zifunike, uziweke mahali penye mwanga lakini pasipochomwa na jua, kisha ungoje kama wiki mbili. Mche wa chupa ya kwanza ukipauka na wa pili ukabaki wa kijani, toa plastiki hiyo katika kivungulio siku hiyo hiyo. Jaribio hili hukamata vilainishi vyepesi vinavyoruka hewani kama DBP. DEHP ni nzito, hairuki kwa urahisi, kwa hivyo mche kubaki wa kijani si cheti cha usalama kwa plastiki itakayoguswa na chakula.

Madhara yake mwilini

Hapa ndipo msomaji anapotaka jibu la moja kwa moja, nami nitajaribu kulitoa bila kuongeza chumvi.

Thaleti kama DEHP na DBP zimechunguzwa sana kwa panya. Panya jike mwenye mimba akilishwa kwa wingi, watoto wake wa kiume huzaliwa na kasoro katika viungo vya uzazi, kwa sababu kemikali hizi huvuruga utengenezaji wa homoni ya kiume wakati viungo hivyo vinapoumbwa tumboni. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya umeziorodhesha DEHP na DBP miongoni mwa kemikali zenye sumu kwa uzazi. Kuhusu saratani, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka DEHP katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Neno "huenda" lina uzito wake. Ushahidi wa wanyama upo. Ule wa watu haujatosha.

Kwa watu, tafiti nyingi zimeonyesha uhusiano kati ya wingi wa kemikali hizi katika mkojo na matatizo kama upungufu wa mbegu za kiume. Uhusiano si uthibitisho kwamba hiki kilisababisha kile. Lakini nchi kadhaa hazikungoja uthibitisho wa mwisho ili kuwalinda watoto. Umoja wa Ulaya ulianza kuzizuia katika vitu vya watoto vya kutia mdomoni mwaka 1999, ukaweka sheria ya kudumu mwaka 2005. Marekani ilifuata mwaka 2008. Japani, mwaka 2000, iliwakataza wapishi kutumia glavu za PVC zenye DEHP baada ya kugundulika kwamba zilikuwa zikichafua chakula cha mchana kinachouzwa kwenye vijisanduku.

Kisa kilichotikisa dunia zaidi kilitokea Taiwan mwaka 2011. Huko haikuwa bahati mbaya. Watengenezaji wa kiungo cha kukoroga vinywaji visijitenge walikuwa wametia DEHP mahali pa mafuta ya mawese ili kupunguza gharama. Vinywaji, maji ya matunda na vidonge vya lishe viliondolewa madukani kwa wingi. Tangu hapo neno la kilainishi likajulikana na kila mama wa nyumbani katika kisiwa hicho.

Je, kiasi gani ni kingi? Katika maji ya kunywa, mwongozo wa WHO ni mikrogramu 8 za DEHP kwa lita. Kwa chakula, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2019 kwamba mtu asipitishe mikrogramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa jumla ya thaleti nne zinazofanana. Mtu wa kilo 60 basi asipitishe miligramu 3. Mtoto wa kilo 8 asipitishe hata nusu miligramu. Hapo unaona kwa nini mtoto ndiye wa kuangaliwa kwanza: mwili wake ni mdogo, anakula na kunywa kingi kulingana na uzito wake, na kila kitu hukitia mdomoni.

Sasa habari njema. Tofauti na dawa ya zamani ya DDT, ambayo hukaa katika mafuta ya mwili kwa miaka, thaleti huvunjwavunjwa na ini na kutolewa kwa mkojo katika siku moja au mbili. Tatizo ni kwamba tunazila tena kila siku. Ukifunga mlango zinakoingilia, kiasi kilichomo mwilini hupungua upesi. Hakuna haja ya kununua dawa ya kusafisha damu, na yeyote atakayekuuzia dawa hiyo sokoni anakuibia.

Nailoni ya paa je?

Hapa wengi hukosea. Karatasi inayofunika vivungulio vyetu kwa kawaida ni ya polithini, na polithini ni laini kwa asili yake. Haihitaji kilainishi. Inayotiwa ni dawa ya kuikinga na miale ya jua isiichane upesi. Mabomba membamba ya kudondoshea maji na matangi meusi ya maji pia ni ya polithini. Hivyo paa lako silo la kushukiwa kwanza.

Nchi zilizotumia PVC laini kufunika vivungulio, kama Japani kwa miaka mingi, zina hesabu tofauti. Hata China, ambako polithini imetumika sana, watafiti waliopima udongo na mboga za vivungulio katika mikoa kama Shandong walikuta thaleti. Chanzo si kimoja. Baadhi ya karatasi hutengenezwa kwa plastiki kuukuu iliyoyeyushwa tena, na ndani yake huingia mabaki ya PVC. Karatasi nyembamba ya kutandaza ardhini huraruka na kuachwa udongoni msimu baada ya msimu. Mwaka 2018 China ililazimika kuongeza unene wa chini wa karatasi hiyo hadi milimita 0.01, ili angalau iweze kuokotwa baada ya mavuno. Mbolea iliyochanganyika na takataka za mjini nayo huleta mchango wake.

Nyanya yenyewe huipataje? DEHP hunata sana kwenye chembe za udongo, kwa hivyo mizizi haiinyonyi kwa wingi. DBP hupanda kwa urahisi zaidi. Njia nyingine ni hewa: kinachoelea ndani ya kivungulio hutua juu ya majani na kunata kwenye nta yake. Ndiyo maana mboga za majani mapana kama sukuma wiki na spinachi ziangaliwe zaidi kuliko nyanya.

Niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Kwa mtu anayefanya kazi ndani ya kivungulio, hatari iliyo kubwa zaidi na ya karibu zaidi ni dawa za kuua wadudu anazonyunyiza akiwa amefunga milango, bila kinga ya mdomo. Kilainishi ni hatari ya polepole, ya matone. Asiyevaa kinga wakati wa kupulizia dawa asikeshe akihofia mpira wa maji. Na hakuna sababu yoyote ya kuacha kula mboga.

Mambo ya kufanya shambani

Anza na mpira wa maji, kwa sababu ndio wenye kilainishi kingi na ndio rahisi kubadilisha. Mpira laini wa PVC usitumike kuchota maji ya kunywa, ya kupikia, wala ya kunywesha ndama. Kwa kumwagilia, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake hadi yatoke baridi, kisha ndipo uelekeze kwa mboga. Ukimaliza usiuache juani wala ndani ya kivungulio. Utundike kivulini nje. Unaponunua tena, ulizia wa polithini. Huwa mgumu kidogo kukunja, na wengi huukataa kwa sababu hiyo hiyo, lakini ugumu huo ndio ushahidi kwamba hauna cha kuvuja.

Tazama alama iliyo chini ya chombo au kwenye bidhaa, ile pembetatu yenye nambari. Nambari 3 ni PVC. Nambari 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, na hizi hazihitaji vilainishi. Isiyo na alama yoyote, na inayouzwa rahisi kupita kiasi, ichukulie kama mgeni asiyetaka kutaja jina lake.

Kivungulio kipya, au kilichobadilishwa karatasi, kiache wazi siku kadhaa kabla ya kuleta miche. Baada ya hapo kifungue kila asubuhi jua linapoanza kupasha, usingoje joto lipande hadi majani yanyauke. Hewa safi itakupunguzia mvuke na pia itapunguza ule unyevu unaoleta ugonjwa wa ukungu kwenye nyanya. Mama mjamzito akiwa na kazi humo, aifanye asubuhi na mapema baada ya pazia kufunguliwa, au jioni, asikae humo saa za joto kali.

Badilisha karatasi ya paa kabla haijaanza kubomoka mikononi. Kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano, lakini kumbuka kwamba katika miinuko kama ya Kaptagat miale ya jua ni mikali kuliko ya tambarare hata siku ambayo wewe unaona baridi. Ikianza kuonekana kama unga unga na kuchanika ukiigusa, vipande vyake vitaishia udongoni, na hakuna jembe la kuviokota.

Udongo nao una uwezo wa kujisafisha. Bakteria wa udongoni hula thaleti, na hufanya kazi hiyo vizuri zaidi udongo ukiwa na joto la wastani, unyevu, hewa na mbolea ya samadi iliyooza vizuri. Katika udongo wa baridi, au uliojaa maji, kazi huenda polepole. Kwa hivyo samadi ya ng'ombe unaoingiza kivunguliani kwa ajili ya nyanya inakusaidia mara mbili, mradi umeondoa kwanza vipande vya juala na kamba za nailoni ambazo ng'ombe na watoto wameziangusha humo. Karatasi ya kutandaza kwenye matuta unaweza kuiacha kabisa na kutumia nyasi kavu. Nyasi hazikosekani.

Jikoni mambo ni mepesi. Osha mboga kwa maji yanayotiririka, ukisugua jani kwa vidole. Majani ya nje ya kabeji yatupe kwa ng'ombe au kwa mbolea. Chakula cha moto kisitiwe kwenye plastiki laini, na usifunike sufuria ya ugali au githeri ya moto kwa karatasi ya plastiki ikagusa chakula.

Maziwa yanataka uangalifu wao

Nimesema thaleti hupenda mafuta. Maziwa ya Kaptagat, kwa bahati nzuri kwa wanywaji na mbaya kwa hoja yetu, yana mafuta. Huko Ulaya ilikuja kugundulika kwamba mipira laini ya PVC katika mashine za kukamua ilikuwa ikiingiza DEHP katika maziwa, na baadhi ya nchi zikabadilisha mipira hiyo. Hapa kwetu wengi hukamua kwa mkono, kwa hivyo hatari hiyo haiko kwa kiasi hicho. Lakini mashine ndogo za kukamua zimeanza kuingia katika maboma. Ukinunua, uliza mipira yake ni ya nini. Ya silikoni au ya raba maalumu ya maziwa ni ghali, ila ndiyo ya kununua, nayo ibadilishwe kwa wakati.

Maziwa yasafirishwe kwa chombo cha alumini, cha chuma kisichoshika kutu, au cha plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Mtungi uliokuwa na mafuta ya gari au rangi usikaribie maziwa hata ukioshwa mara kumi. Ule uliokuwa na dawa ya shambani ndio mbaya kuliko yote: usuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yarudi katika bomba la kupulizia, kisha utobolewe ili mtu asipate kuutumia tena. Kuhusu mursik, sotet ya kibuyu haina thaleti ndani yake. Wazee hawakujua jina la kemikali hiyo, na hawakuhitaji kulijua.

Nailoni kuukuu iende wapi?

Hili ndilo linalonisumbua zaidi kila nikipita vijijini. Karatasi ya kivungulio ikizeeka, mtu huikata vipande. Kimoja hufunika kuni, kingine huzibia choo, kingine mtoto hufanya kitanda cha kuanikia mahindi. Kinachobaki huchomwa nyuma ya nyumba, au mama hukitumia kuwashia jiko asubuhi kwa sababu kuni zimelowa.

Kuwasha jiko kwa plastiki kuachwe. Polithini ikiungua kwenye moto mdogo hutoa masizi na moshi unaoumiza mapafu. PVC ikiungua ni mbaya zaidi: hutoa gesi ya asidi inayochoma koo, pamoja na dioksini, sumu inayokaa mwilini miaka mingi na inayopatikana baadaye katika maziwa ya ng'ombe waliokula nyasi za karibu, na hata katika maziwa ya mama. Yaani kilainishi ambacho mwili ungekitoa kwa siku mbili kinakuja na mwenzake asiyetoka.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea mwezi Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimekatazwa katika maeneo yaliyohifadhiwa, misitu ikiwemo. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 nayo inataka taka zitenganishwe, na mwenye kutengeneza au kuingiza bidhaa awajibike hata baada ya kuiuza. Karatasi ya kivungulio si mfuko wa kubebea, kwa hivyo haikuguswa na marufuku ya 2017, lakini haina ruhusa ya kuachwa ipeperuke msituni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2021 kwamba kilimo cha mimea na mifugo hutumia tani milioni 12.5 za plastiki kwa mwaka duniani. Kipande chako ni kidogo, lakini mvua za Kaptagat zitakichukua hadi mtoni.

Polithini iliyo safi na kavu ina soko kwa wanaoyeyusha plastiki, na wanunuzi wa plastiki kuukuu wapo mjini. Iliyojaa matope hawaitaki, na iliyochanganywa na vipande vya mpira wa PVC huharibu mzigo mzima. Kwa hivyo siku ya kushusha paa, ing'oeni ikiwa bado nzima, muioshe kwa mvua au kwa mpira ule ule mliouacha nje, muikunje ikauke, na mpira wa PVC muuweke kando peke yake. Mkulima mmoja peke yake hana mzigo wa kumvuta mwenye lori hadi Kaptagat. Wakulima kumi wa kikundi kimoja cha maziwa, wakibadilisha karatasi zao mwezi mmoja, wanao. Na mnaponunua karatasi mpya, mwulizeni muuzaji kabla ya kulipa kama atachukua kuukuu, kisha mwandike tarehe ya kuitundika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye nguzo ya mlangoni, ili miaka minne ijayo msibishane.